Gari Lililokwenda Ubwari Kupumzika

Mgiriki mwenye duka kubwa la Baraka alipotangaza kwamba kamyoneti yake imekufa, watu wa soko walimpa pole, na karani wake Bonaventure akaanza kuitafutia warithi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la mizigo, la rangi ya kijani. Lilikuwa limeteleza kwenye kona za mlima wa Fizi na kulala ubavu mtaroni. Walipolivuta kwa kamba hadi Baraka, ekseli ya nyuma ilikuwa vipande viwili, magurudumu ya mbele yalitazama kila moja upande wake, na usukani ulizunguka bure kama kichwa cha mlevi. Moteri, yaani injini, peke yake ndiyo iliyobaki nzima, na ilinguruma kwa furaha ndani ya maiti.

Mgiriki alikuwa anahamia Usumbura, na hakutaka kuhama na vyuma vibovu.

"Bonaventure, niondolee uchafu huu mbele ya duka."

"Niupeleke wapi, Patron?"

"Popote. Uchukue uwe wako."

Ndivyo Bonaventure alivyokuwa mwenye gari, jambo ambalo baba yake na babu yake hawakulifikia, ingawa wao angalau walikuwa na mitumbwi iliyoelea.

Bonaventure hakuwa mwongo. Hilo lazima lisemwe mapema, kwa heshima yake. Uongo aliuona kuwa kazi ya watu wavivu, wasio na subira ya kuupanga ukweli mpaka ukae vizuri. Alisoma kwa mapadri, alikuwa na mwandiko wa kupendeza, na alivaa viatu hata siku za matope. Tena alikuwa na ndoto moja tu duniani.

Miaka ile ya hamsini serikali ya Wabelgiji ilikuwa inatoa karte ya mérite civique, yaani cheti cha kuthibitisha kwamba Mkongo fulani amefikia kuwa mtu. Mwenye karte hakupigwa chikoti. Mwenye karte alikunywa divai bila kujificha, na wazungu wenyewe walimwita Monsieur, mchana, mbele za watu. Lakini kabla ya kuipata, komisyo ilikuja mpaka nyumbani kwako kukuchungulia. Una meza? Una viti? Mnakula kwa uma? Mke ni mmoja kweli, au kuna wengine wamejificha jikoni? Na kama ulikuwa na kesi yoyote kwenye tribinali, hata ya mbuzi, jina lako lilifutwa.

Bonaventure alikuwa na mke mmoja, Adolphine, na hakuwa na kesi. Alichokosa ni meza. Basi akaizunguka ile kamyoneti, akaitazama kwa makini, akaiona meza ndani yake.

Aliuza kwanza moteri. Kule Fizi, juu mlimani, alikuwepo bwana mmoja aitwaye Eugène, mwenye kinu cha kusaga mihogo, ambaye moteri yake ya zamani ilikuwa inakohoa kuliko yeye. Na yeye alikohoa sana. Eugène alikuwa mtu wa unga: nyusi nyeupe, masikio meupe, na akicheka hutoa wingu. Aliisikiliza moteri ya Bonaventure ikinguruma, akainamisha kichwa kama mtu anayesikia misa, kisha akatoa meza moja ya mbao nzito na viti vinne alivyovichonga kwa mikono yake. Wakapeana mkono. Bonaventure akashuka Baraka akiwa na kiganja cheupe.

Likabaki gari lisilo na moteri. Mjanja wa kawaida angeliuza kwa mhunzi atengeneze majembe. Bonaventure alijiuliza swali ambalo wauza magari hawajiulizi: ni wapi duniani gari lisilotembea litakaa bila mtu kujua kwamba halitembei? Akageuka kutazama ziwa. Rasi ya Ubwari ilikuwa pale ng'ambo, ndefu, ya buluu, imejinyoosha majini kama mtu anayepumzika baada ya kushiba. Milima, vijiji vya wavuvi, nyavu zimeanikwa. Barabara, hakuna hata moja. Kule hata baiskeli ilibebwa begani.

"Pale," alisema Bonaventure kwa sauti ya upole.

Juma lile lile Mashaka, kaka yake Mama Kulthumu, alifika pwani ya Baraka. Kulthumu alikuwa mjane wa Ubwari, mwenye nyavu nyingi, na mwenye boti kubwa ya mbao aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mashaka alikuja kununua chumvi, lakini aliacha chumvi akaja moja kwa moja dukani.

"Karani, dada amesikia uko nauzisha gari."

Bonaventure hakuwa amemwambia mtu yeyote wa Ubwari. Alimwambia tu muuza samaki mmoja kwamba ni siri, na siri katika soko la Baraka ina mbio kuliko boti yoyote.

"Amesikia vizuri. Dada iko muzima?"

"Iko. Gari iko wapi, nione?"

"Iko nyuma ya duka, nimeifunika. Ndugu yangu, nikiifunua, bale batu ba Misisi benye kuuzisha zahabu bataiona, na we utarudi kwa dada yako na chumvi tupu."

Mashaka alitazama upepo, maana boti yake haikuwa ya kungoja. "Basi. Dada ametuma niulize. Gari inakunywa mafuta mingi?"

"Tangu niipate haijamaliza hata chupa moja."

"Inapiga kelele?"

"Ukikaa ndani unasikia ndege mpaka kwenye miti ya misioni."

"Na bale benyewe ba mbele yako, bamekimbia nayo sana?"

"Mi mwenyewe, kwa macho yangu, sijaiona inakimbia."

Mashaka aliyarudia majibu yale kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi wa chuo anayekariri sura, kisha akaenda zake. Bonaventure hakumuuliza mjane wa Ubwari anataka gari la nini. Hakuona haja. Heshima, alijijibu mwenyewe. Watu wa mitumbwi! Mama ataketi ndani jioni, ataamkiwa na wapita njia, watoto watabonyeza honi. Hilo lilikuwa kosa lake, na lilikuwa kosa la watu wa Baraka wote, ambao wameishi karne nzima wakiitazama Ubwari bila kuiuliza kitu.

Kulthumu alilipa kwa ndagaa wakavu wa msimu mzima, magunia yamejaa mpaka midomo. Bonaventure aliyauza kwa wafanyabiashara waliokuwa wanapeleka chakula machimboni, akapata mapazia, glasi, sahani za udongo wa kizungu, uma na visu, na saa ya ukutani iliyopiga kengele kwa hasira.

Siku ya kulipeleka gari, boti mbili zilifungwa ubavu kwa ubavu, mbao zikatandikwa juu, na vijana wakalisukuma gari kutoka nyuma ya duka hadi majini. Hakuna aliyeuliza kwa nini linasukumwa. Nani ataendesha gari kupanda boti? Bonaventure alikuwa amelipaka rangi upya, ameunga ekseli kwa mbao na kuyanyoosha magurudumu, amefunga boneti kwa waya, na mahali pa moteri ameweka mawe ndani ya magunia, maana gari lisilo na kitu kifuani huinua pua, na pua ile ingemfedhehesha.

"Musiifungue boneti," aliwaagiza wapiga makasia. "Inavuka maji, itapata baridi. Muiache ipumzike kwanza."

"Mpaka lini?"

"Itajisemea yenyewe."

Gari likaenda, likiwa limekaa wima juu ya ziwa kama bibi arusi.

Nyumbani kwa Bonaventure kukaanza maisha mapya. Adolphine, ambaye alikuwa amekula kwa mkono tangu kuzaliwa na hakuona mkono una kosa gani, aliketishwa mezani, akapewa uma.

"Shika hivi. Kisu huku. Kata."

"Nikate nini, Bona? Hii ni ndagaa."

"Kata tu. Komisyo itatazama namna unavyokata."

"Ndagaa moja ni ndogo kuliko meno ya uma. Nikiikata nitapata nini? Kichwa na mukia?"

"Adolphine, tafadhali. Ustaarabu."

Akakata. Nusu ya ndagaa iliruka, ikampiga Bonaventure kwenye tai. Saa ya ukutani ikagonga. Hivyo ndivyo walivyokula, wakiwa na njaa kila siku katikati ya shibe, wakiingojea komisyo.

Habari za Ubwari zilikuwa njema. Gari lilikuwa limepokewa kwa ngoma, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuketi ndani yake. Bonaventure alilala usingizi wa mtu mwadilifu. Na tarehe ya komisyo ikatangazwa: watapita Baraka Alhamisi, kisha watapanda Fizi.

Siku chache kabla ya Alhamisi hiyo, Mashaka alirudi. Aliingia sebuleni bila haraka, nyuma yake vijana wawili wakiwa na magunia, akaagiza yafunguliwe. Mawe yakapangwa moja moja juu ya kitambaa cheupe cha meza.

"Dada anakusalimia," alisema Mashaka. "Anauliza, hii kwa Kifaransa banaita nini?"

Bonaventure aliyatazama mawe kwa huzuni ya mtu aliyeonyeshwa picha ya marehemu asiyemfahamu vizuri.

"Mulifungua boneti."

"Tulifungua."

"Nilisema musifungue!"

"Karani, mutu ananunua moteri, haifungui?"

"Moteri? Nani alinunua moteri? Mulinunua gari! Na Ubwari hakuna barabara. Mulikuwa munataka kwenda wapi na moteri?"

Mashaka alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ziwa yote ile, karani, we unaona ni nini? Dada iko na boti. Boti iko na makasia, na makasia iko na batu, na batu banachoka. Alitaka moteri aitie ndani ya boti. Fundi wa Kigoma ameisha kufika, iko nakaa kwetu, nakula ugali yetu, nangojea. Magurudumu, viti, honi, hivyo vyote tulikuwa tunabapa batoto bachezee."

Bonaventure alihisi kwa mara ya kwanza jinsi inavyouma kumuuzia mtu kila kitu asichokitaka, na kile kimoja alichokitaka ndicho ulichokiuza kwanza kwa mwingine.

"Nitafikiri," alisema.

"Fikiri. Tribinali ya Fizi iko karibu, lakini dada hapendi kesi. Anasema kesi inaharibu majina ya batu." Mashaka aliondoka kwa adabu, akapita uani, ambako Adolphine alimpakulia chakula. Walizungumza kidogo. Adolphine alicheka mara mbili. Bonaventure, akiwa anaficha mawe chini ya kitanda, hakusikia walichokisema.

Jumanne asubuhi boti kubwa ilitia nanga mbele ya mtaa.

"Hodi!"

Mama Kulthumu aliingia wa kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, aliyejifunga vikwembe viwili vya rangi ya manjano, na nyuma yake wanawake sita wa Ubwari wenye mikeka, sufuria, na makapu. Hakutaja gari. Hakutaja mawe. Alimshika Bonaventure mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bwana Karani! Tumekuja kukusalimia. Tulisema, huyu mutu aliyetuuzishia kitu kikubwa vile hatujamujua hata nyumba."

Mgeni aliyevuka maji haulizwi anaondoka lini. Watu wa pwani ile huona afadhali kuulizwa umeiba nini. Bonaventure alijibu karibuni, na neno hilo likamaliza nafasi yote iliyokuwepo. Mikeka ilitandikwa sebuleni. Moto uliwashwa uani, ndagaa wabichi wakamwagwa wakauke juu ya kibaraza, na moshi ukapanda moja kwa moja kwenye mapazia mapya. Adolphine, ambaye alipaswa kusikitika, alivua viatu, akaketi chini kati yao, akala kwa mkono mpaka viwiko.

Bonaventure alijaribu njia za upole. Alitaja kwamba upepo unabadilika.

"Tunaujua," alisema mmoja wao. "Ni wa kwetu."

Alinong'ona kwamba katika mtaa kuna ugonjwa wa ndui.

"Siye wote tulipata," akajibu mwingine akionyesha shavu. "Hairudie."

Jumatano akamwita Mama Kulthumu pembeni, akafunga mlango.

"Mama, kesho komisyo inakuja."

"Tumesikia. Tutabasalimia."

"Bakiuliza ninyi ni nani?"

"Tutasema kweli. Siye Baislamu hatuogope kusema kweli. Tutasema: tuko bamama saba, tunakaa kwa Bwana Bonaventure, tunalala kwake, tunapika kwake, na mama Adolphine anatupenda sana."

"Lakini batafikiri ninyi ni bake bangu!"

"Mi nitazuia muzungu kufikiri?" aliuliza Kulthumu kwa unyenyekevu. "Muzungu alisoma, Karani. Atafunga hesabu mwenyewe."

Bonaventure aliketi juu ya kiti cha Eugène. Aliiona karte yake ikiondoka, ikiwa na miguu kumi na minne na vikwembe vya rangi rangi.

"Moteri utaipata leo," alisema.

"Aksanti. Na tutaiwasha hapa pwani mbele ya kupakia. Si kwa ubaya. Fundi amesema isipate baridi."

Bonaventure alipanda Fizi na kamiyo, lori la pamba, amesimama nyuma kati ya marobota. Kwenye kinu wanawake walikuwa wamepanga foleni na beseni za mihogo mikavu, na moteri ya Mgiriki ilikuwa inaimba. Eugène alitoka ndani ya wingu lake.

"Ndugu Eugène, nataka kuirudisha ile moteri. Nitakupa meza yako na viti vyako."

"Hiyo ilikuwa bei ya siku ile." Eugène alikohoa. "We unaona foleni hii? Nikikupa moteri, Fizi itakula nini?"

"Unataka nini basi?"

Eugène alijifuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo halikubadilisha mikono wala suruali. "Meza. Viti. Mapazia. Glasi na sahani. Uma, visu. Na ile saa nimesikia inagonga."

Licha ya shida zake zote, Bonaventure alicheka. "Mutu wa unga anataka uma! Utakula nini nayo, pumba?"

"Nafsi inatamani, ndugu."

"Na pazia utaifunga wapi? Kwenye kinu?"

"Kamiyo inashuka sasa hivi," alisema Eugène bila kukasirika. "Moteri ikipanda juu yake, vitu vyako vipande juu yake ikirudi. Ama uiache, mi niendelee kusaga."

Ikawa hivyo: kamiyo ikashuka na moteri, ikarudi Fizi na vitu vyote. Kabla ya jua kuzama, moteri iliwekwa juu ya mchanga wa Baraka, ikatiwa mafuta, ikawashwa. Ilinguruma mpaka kuku wa mtaa wakapanda juu ya mapaa. Wanawake wa Ubwari walipiga vigelegele, Adolphine akapiga kuliko wote, na Mama Kulthumu akaweka kiganja chake juu ya chuma kama anayepima homa ya mtoto.

"Sasa umetuuzishia gari," alimwambia Bonaventure.

"Na mwili wa gari je? Utanirudishia?"

"Batoto bamezoea kulala mule. Ungebaona, Karani, ungesikia huruma."

Walikunja mikeka, wakachukua hata ndagaa wa mwisho, wakaenda. Nyumba ikabaki safi, nyeupe, na tupu kabisa. Hata msumari wa saa ulikuwa umeng'olewa.

Bonaventure hakulala. Alikuwa anaupanga ukweli.

Alhamisi komisyo ikafika: Mbelgiji wa teritware, yaani wilaya, mwenye kaptula iliyopigwa pasi kama karatasi, na padri mzee wa misioni. Walisimama katikati ya sebule, wakatafuta mahali pa kuketi, wakakosa.

"Bonaventure," alisema Mbelgiji, "meza iko wapi?"

"Bwana," alijibu Bonaventure, macho chini, "ng'ambo ya ziwa kuna mjane mwenye shida. Alikuja hapa na wenzake. Nilipoijua shida yao, nilishindwa kula mezani tena. Ili wapate walichohitaji, nilitoa kila kitu. Viti, sahani, saa. Waliondoka jana wakipiga vigelegele. Muulizeni mtu yeyote pwani."

Padri alitoa leso. Alikuwa amehubiri habari ya kutoa mali kwa miaka mingi huko Kivu, na hakuwahi kuona mtu aliyemsikiliza.

"Mbona kunanuka samaki?" aliuliza huku akijifuta macho.

"Ni harufu ya shukrani yao, Padri."

Mbelgiji alikwenda pwani, akauliza. Ndiyo, wavuvi walisema, jana wanawake walipiga vigelegele sana. Akamuuliza Adolphine, ambaye alijibu kwamba mume wake alitoa kila kitu na kwamba yeye hana neno juu ya uma. Bonaventure aliona uso wa mzungu ukilegea.

"Nitasema kweli," alisema Mbelgiji, "sijaona jambo kama hili. Mwaka huu tumebakiwa na karte moja kwa teritware nzima, na Fizi kuna mtu mwingine aliyeomba. Panda gari letu. Wewe ni mtu mnyofu na unawajua watu wa huku. Utakuwa shahidi wetu."

Bonaventure alipanda gari kwa raha isiyo na kifani. Njia nzima aliketi kati ya makoti yao, akizizoea kona za mlima kama mtu anayejua atapita hapa mara nyingi akiitwa Monsieur. Hakuuliza huyo mtu mwingine ni nani. Alimhurumia tu, kwa jumla.

Gari likasimama mbele ya kinu.

Kwenye kibaraza alisimama bwana mmoja mweusi, mrefu, mzuri wa sura, amevaa shati jeupe. Bonaventure hakumtambua mpaka alipokohoa. Eugène alikuwa ameoga. Nyuma yake, madirishani, mapazia yalipepea. Mbele yake palikuwa na meza, viti vinne, sahani, uma upande wa kushoto, kisu upande wa kulia. Mke wake mmoja, mnyamavu, alimimina maji ndani ya glasi bila kumwaga tone. Ukutani saa iligonga, na nyuma ya nyumba moteri ilinguruma, moteri mpya kabisa, ya mafuta mazito, iliyokuwa imefika kutoka Usumbura mwezi uliopita na kungoja tu mahali pa kuwekwa.

"Karibuni," alisema Eugène. "Ndugu Bonaventure, karibu na we. Kaa."

Wakaketi. Wakala mayai kwa uma. Eugène alikata vizuri sana. Lakini Mbelgiji hakuwa mtoto. Alikuwa ameona mengi katika teritware ile.

"Kuna watu wanaoazima vyombo siku ya komisyo," alisema polepole, kisha akageuka. "Bonaventure. Wewe ni mtu usiyejali mali, huna sababu ya kudanganya. Vitu hivi ni vya Eugène kweli?"

Bonaventure alifungua mdomo. Akaanza kupanga. Akisema ni vyangu, watauliza vimefikaje hapa. Akisema vimefikaje, itakuja moteri. Ikija moteri, yatakuja mawe, na baada ya mawe watakuja wanawake saba wakiwa wamekaa mkekani. Aliugeuza ukweli upande huu na upande ule, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake haukukubali kukaa vingine.

"Ni vyake," alisema.

"Amevipata kwa njia halali?"

"Kwa kinu chake, Bwana. Mbele yangu."

Padri alimpiga bega. "Mnaona? Hana hata wivu."

Wazungu wawili walinong'onezana. Kisha Mbelgiji akasimama, akavuta kaptula yake chini, akampa Eugène mkono. "Hongera, Monsieur Eugène." Kwa Bonaventure akatoa tabasamu la mtu anayemsifu mgonjwa kwa kuvumilia. "Na wewe, moyo wako ni mzuri kabisa. Nitaandika hivyo. Lakini sheria ni sheria, moyo hauwekewi sahani. Utaomba tena ukipata meza."

Wakati huo wingu lilikuwa limeshuka kutoka milimani bila kubisha hodi, na matone ya kwanza, manene, yakapiga kibaraza. Padri akakimbilia ndani akiwa na glasi yake. Monsieur Eugène akamfuata, akaketi dirishani nyuma ya mapazia.

"Bonaventure!" aliita Mbelgiji kutoka mlangoni. "Ingiza viti, vitalowa!"

Bonaventure aliingiza viti. Alivibeba kimoja kimoja, kwa uangalifu, bila kugusa ukuta, maana alikuwa amewahi kuvibeba. Aliingiza sahani, na uma, na visu. Ikabaki meza nje, chini ya mvua, nayo ilikuwa meza ya kubebwa na watu wawili.

Monsieur Eugène hakuinuka.